Safari ya Chanjo hata Malemba-Nkulu

Kila mara ugonjwa mpya unapoinuka katika dunia, watu wa miji mikubwa wanauliza: Dawa imekwisha kupatikana? Sisi wa kando ya Lualaba tunaongeza ulizo la pili: Itafika kwetu siku gani, na itafika ingali nzima? Leo tunataka kueleza ulizo hilo la pili, kwani wengi kati yetu watatumwa siku moja katika misioni za namna hii, na watu watawauliza habari ya sindano mbele ya kumwuliza munganga.

Tuanze na jambo linalokumbukwa na wote. Tarehe 2 ya mwezi wa tatu 2021 ndege ilitua Kinshasa na dozi 1,700,000 za chanjo ya AstraZeneca, ya kupigana na Covid-19. Kazi ikakawia, kwani habari zilitoka Ulaya za watu wachache waliopata damu iliyoganda katika mishipa nyuma ya sindano ile, na Serikali ilipenda kungoja. Ikaanza tarehe 19 ya mwezi wa ine. Lakini chanjo ile ilikuwa na siku yake ya mwisho, katika mwezi wa sita. Waliofanya hesabu waliona wazi kwamba siku zilizobaki hazitoshi. Basi dozi karibu 1,300,000 zikatolewa kwa inchi zingine za Afrika, kama vile Ghana na Madagaska, zilizoweza kuzitumia upesi. Wengine kwetu walicheka, wengine walikasirika. Sisi tunaona kwamba kutoa kulikuwa kwema, kwani dawa inayooza ndani ya frigo haimfai mtu. Hata hivi, angalieni vizuri: chanjo ilikuwa imepatikana, tena bila kulipa, tena ilikuwa imekwisha kuingia katika inchi yetu. Kilichokosekana kilikuwa mbele yake: njia, siku, na roho za watu.

Mambo kama hayo si mapya. Mwaka 1918 gripi, yaani mafua makali yanayoua, ilipanda na reli kutoka Afrika ya Kusini, ikapita Rhodesia, ikaingia Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi. Mwaka ule ule reli ilifika Bukama, pahali mashua za Lualaba zinapoanzia safari. Hapana mtu aliyekuwa na chanjo siku zile. Kijidudu chenyewe cha gripi ya watu kilitambuliwa mwaka 1933 tu. Mwaka 2009 ikaja gripi nyingine, iliyoonekana kwanza Meksiko. Mara hii waliojua kutengeneza chanjo walikuwako, na waliitengeneza kwa miezi michache. Lakini inchi tajiri zilikuwa zimekwisha kuagiza sehemu yao mbele ya wote. Shirika la Afya la Dunia (OMS) liligawa dozi milioni 78 kwa inchi 77 zisizo na mali. Nyingi zilifika mwaka 2010, na pahali pengi wimbi la ugonjwa lilikuwa limekwisha kushuka.

Chanjo ya gripi haimo katika orodha ya PEV, ile programu ya Serikali inayochanja watoto wetu. Basi anayetaka kujua ginsi gani chanjo ya gripi kubwa ingefika Malemba-Nkulu, afwate njia ya chanjo ya surua. Njia ni moja; watu ni walewale; frigo ni zilezile.

Kutoka Kinshasa chanjo inasafiri kwa ndege. Inafika Kamina, mji mkubwa wa Haut-Lomami tangu jimbo la Katanga lilipogawanywa mwaka 2015. Kutoka Kamina inatelemka hata zone ya afya, na kutoka zone inakwenda katika vituo vya afya vya vijiji. Kwa maneno ni mwendo mfupi. Kwa miguu ni neno lingine. Mvua zinaanza mwezi wa kumi na hazikomi mbele ya mwezi wa ine, na barabara inakuwa matope. Motokari inakwama, pikipiki inasukumwa. Mto unasaidia, kwani Lualaba unachukua mashua tangu Bukama hata Kongolo, zaidi ya kilomita 600. Lakini mto nao una majani yake, mafuriko yake, na bei yake ya esanse. Mwisho wa njia kunabaki mtumbwi na kinga. Na hapa tucheke kidogo: katika Kiswahili cha Katanga kinga ni baiskeli, na vitabu vya Kiswahili bora vinaita kinga ile nguvu ya mwili inayozuia ugonjwa. Huko Malemba maneno hayo mawili yanapanda pamoja: kinga inabebwa juu ya kinga.

Sasa tuseme juu ya baridi, kwani ndiyo mzigo wenyewe. Karibu kila chanjo inataka kukaa kati ya digri 2 na digri 8, tangu kiwanda hata mkono wa mtoto. Ikipata joto, nguvu yake inapungua, na nguvu ile hairudi hata ukiirudisha katika frigo. Watu wengi wanafikiri basi kwamba baridi ikizidi ni heri zaidi. Wanadanganyika. Chanjo ya gripi, na ile ya pepopunda, zikiganda zinakufa; mtu anayezifunga pamoja na barafu iliyotoka sasa hivi katika frigo anaziua kwa mikono yake, naye anafikiri anazilinda. Sharti barafu iachwe kwanza itoe jasho, mpaka maji yasikike yakicheza ndani yake. Ndipo inatiwa katika sanduku ya baridi. Zamani frigo za vijijini zilitumia petroli, na petroli ikikosekana, chanjo zote ziliharibika. Siku hizi frigo za jua zimewekwa pahali pengi, hasa tangu mwaka 2018, Serikali ilipoanzisha Mpango wa Mashako, kwa jina la Profesa Léonard Mashako aliyekuwa minisita wa afya.

Tena kuna alama moja ndogo ambayo kila padri angeweza kuijua. Juu ya vichupa vingi vya chanjo kuna duara, na ndani yake kipande chenye pembe ine. Kipande kile ni cheupe kuliko duara. Joto likiingia, kinaanza kuwa cheusi polepole. Siku rangi yake inapolingana na duara, kichupa kinatupwa. Hakuna haja ya kusoma Kifransa, macho yanatosha.

Lakini shida inayotusumbua zaidi haitoki katika frigo. Inatoka katika kichupa chenyewe. Chanjo ya surua tunayopata ni unga mkavu, na kichupa kimoja kina dozi kumi. Infirmye akiisha kuchanganya unga na maji yake, anapata saa sita tu. Nyuma ya saa hizo, dozi zilizobaki sharti zitupwe, kwani vijidudu vinaweza kuingia na kumwua mtoto. Tuseme sasa mama mmoja amevuka mto tangu alfajiri, mtoto wa miezi tisa mgongoni. Amelipa mwenye mtumbwi. Anafika kituoni, nao ni watatu tu: yeye na mama wengine wawili. Infirmye anaangalia kichupa. Akikifungua, anachanja watoto watatu na kutupa dozi saba. Na katika frigo vimebaki vichupa vinne, na hajui vingine vitafika siku gani, na mwisho wa mwezi ataulizwa ripoti. Asipokifungua, anamwambia mama: Rudi juma lijalo, mtakapokuwa wengi.

Nani kati yetu angekata shauri lile bila kutetemeka? Waalimu wa OMS wanasema kichupa kifunguliwe, hata mtoto akiwa mmoja. Sisi tunaona wana haki, kwani mama aliyerudishwa mara nyingi harudi tena. Safari ya pili inamaliza bei ya samaki. Lakini tusimhukumu infirmye upesi. Analinda watoto wa kesho kwa kuwaacha watoto wa leo, na hajui kama kesho watakuja.

Na surua haingoji. Ni ugonjwa unaoambukiza kuliko karibu yote: mgonjwa mmoja, kati ya watu wasiochanjwa, anaweza kuwapa wengine 12 hata 18. Ndiyo maana sharti watoto 95 katika mia wawe na chanjo, kusudi moto usiwake. Mwanzo wa mwaka 2015 uliwaka katika zone ya Malemba-Nkulu, ukasambaa katika Katanga. Wagonjwa walihesabiwa kwa maelfu mengi, waliokufa kwa mamia. Na waliokufa vijijini mbali na kituo, nani aliwaandika? Shirika la Waganga Wasio na Mipaka lilikuja, likachanja katika miezi ile watoto zaidi ya 900,000, kwa motokari, kwa pikipiki, kwa mitumbwi. Kazi ilikuwa kubwa sana. Lakini wengi wa watoto wale walichanjwa moto ulipokuwa umekwisha kuwaka, na dozi moja iliyotolewa kwa saa yake ingaliwatosha wengi wao.

Kwa gripi au Covid-19 mambo yanageuka kidogo, kwani watoto hawawi wa kwanza. Dozi zikiwa chache, wanaanza waganga na wauguzi, wazee, na wenye ugonjwa wa moyo au wa kifua. Kwa gripi wanaongezwa mama wenye mimba. Sasa jaribu kutafuta wazee wa miaka 60 pahali ambapo wengi hawana karatasi ya kuzaliwa! Mwaka 2021 hesabu ilikuwa nyepesi: aliyezaliwa mbele ya Uhuru wa 1960 alikuwa ametimiza miaka ile. Kila mzee anajua kama alikuwa amezaliwa siku ya Uhuru au bado, na asipojua, wadogo zake wanajua.

Kuna pia wanaokataa. Katika kaskazini ya Katanga ya zamani wako Kitawala na Postolo ambao imani yao inawazuia kupokea sindano, na kuna Wakristu wetu wenyewe waliosikia mengi katika simu zao. Kuwatukana hakufai kitu. Mtu aliyetukanwa anaficha watoto. Wengi wana ulizo la kweli: Kwa nini mtoto anapata homa nyuma ya sindano? Jibu liko: mwili unajifunza kupigana, na homa ile inapita kwa siku chache. Anayejibiwa hivyo mbele ya sindano haogopi nyuma yake.

Turudi kwa kichupa cha dozi kumi, kwani hapo hata asiye munganga anaweza kusaidia. Wavuvi wanahama na kambi zao kufwata samaki, na watoto wao hawako katika daftari ya kijiji chochote. Anayejua walipo ni katekista, ni mwenye mtumbwi, ni mama anayenunua samaki. Infirmye akisema siku ya kuchanja juma moja mbele, na siku ile ikitangazwa Dominika nyuma ya Misa, na katika makanisa ya Waprotestanti, na sokoni, na katika kambi, mama watakuja kumi au ishirini kwa saa moja. Tangazo liwe na mambo matatu tu: siku, pahali, na saa. Tena infirmye awe amehakikisha jana yake kwamba chanjo iko, kwani mama walioitwa na kukuta frigo tupu, hata kengele haitawaita tena.