Mtoto Anakula, Mbona Hakui?

Ndugu mzazi, hapa Songambele, kama kwingine katika Kyerwa na Karagwe, migomba imezunguka nyumba na maharage tunalima. Hata hivyo, uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta kwamba mkoani Kagera watoto 34 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa, yaani kimo chao hakilingani na umri wao. Lishe duni ni sababu moja. Leo tutazame nyingine, isiyoonekana kwa macho: ukuta wa utumbo.

Ukuta huu una kazi mbili: kufyonza chakula kiingie katika damu, na kuzuia vijidudu visipite. Kwa ndani umejaa vijidole vidogo mno vinavyofyonza chakula. Mtoto anayetambaa uani huokota udongo wenye kinyesi cha kuku au mbuzi na kuutia mdomoni. Huenda asiharishe kabisa. Lakini vijidudu anavyomeza kila siku huudhi utumbo, vijidole hufupika, na ukuta huanza kuvuja. Chakula hakifyonzwi vizuri, na nguvu ambazo zingemkuza hutumika kupigana na vijidudu.

Wataalamu hupimaje? Mtoto hunyweshwa maji yenye sukari za aina mbili, kisha mkojo wake hupimwa. Ukuta mzima huzuia sukari yenye chembe kubwa. Ikionekana nyingi katika mkojo, ukuta unavuja.

Huko Haydom, mkoani Manyara, watoto walifuatiliwa tangu kuzaliwa katika utafiti wa nchi 8 ulioanza mwaka 2009. Mara nyingi vijidudu vilikutwa katika choo cha watoto wasioharisha. Baadaye, hapo hapo Haydom, watoto zaidi ya 1,000 waligawanywa: wengine walipewa dawa za kuua vijidudu au vitamini, wengine dawa bandia. Matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba dawa hizo hazikuwaongezea kimo. Na magharibi mwa Kenya, matokeo ya mwaka 2018 yalionyesha kwamba kutibu maji, choo na kunawa mikono peke yake havikuongeza kimo. Waliopata chakula cha nyongeza na mafundisho ya lishe walirefuka kidogo.

Basi, tusikimbilie dukani kumnunulia mtoto mfupi vidonge. Choo na sabuni tusiviache, maana vinakinga magonjwa mengine mengi. Zaidi ya hayo:

1. Mnyonyeshe mtoto maziwa ya mama tu kwa miezi 6 ya kwanza, kisha endelea hadi miaka 2.
2. Ndizi zisiende peke yake. Ongeza maharage, dagaa, yai na mboga za majani.
3. Kuku walale bandani, na mtoto achezee juu ya mkeka safi.
4. Kliniki, omba apimwe urefu pamoja na uzito.

Wataalamu bado wanatafuta tiba ya utumbo unaovuja. Lakini siku 1,000 za kwanza, tangu mimba hadi miaka 2, hazirudi. Tuanze leo, uani kwetu.