Kompyuta ya Chama na Nakala za Hesabu Zake

Desturi ya kutunza hesabu katika vyama vya msingi vya mazao imejengwa kwa miaka mingi juu ya kitu kidogo sana, nacho ni karatasi ya kaboni. Mkulima afikishapo mzigo wake mizanini, karani hupima, huandika stakabadhi, na kwa mkandamizo mmoja wa kalamu maneno yale yale hutokea mahali pawili. Karatasi ya juu huchukuliwa na mkulima, na ile ya chini hubaki kitabuni. Karani hahitaji kukumbushwa kutengeneza nakala, kwa maana nakala huzaliwa pamoja na stakabadhi yenyewe.

Siku hizi vyama vingi vina kompyuta ofisini. Orodha ya wanachama, kilo walizoleta, mikopo ya pembejeo na makato yake, barua na kumbukumbu za mikutano, vyote huandikwa humo. Kazi ya kujumlisha leja iliyokuwa ikimchukua katibu siku kadhaa humalizika kwa muda mfupi, na makosa ya kujumlisha hupungua. Faida hiyo haina ubishi. Hata hivyo yafaa makatibu na wanachama wakumbuke kwamba kompyuta haina kaboni. Lililoandikwa humo limo mahali pamoja tu, mpaka awepo mtu aliyepewa kazi ya kulinakili mahali pengine.

HASARA HUMWANGUKIA NANI

Tuchukue mfano wa chama cha wakulima wa kahawa. Mwanachama hupeleka kahawa yake na kupewa malipo ya awali. Kahawa ikisha kuuzwa mnadani, chama hupiga hesabu ya mauzo, huondoa gharama, kisha humlipa mwanachama malipo ya pili kwa kadiri ya kilo alizoleta. Kati ya malipo hayo mawili huweza kupita miezi kadhaa. Katika miezi hiyo mali ya mkulima haiko tena nyumbani kwake, wala fedha yake haijafika mfukoni mwake. Haki yake imo katika hesabu za chama, na si mahali pengine.

Tuseme mwanachama alileta kilo 180, na malipo ya pili yakawa shilingi 600 kwa kilo. Anadai shilingi 108,000. Ikiwa kompyuta ya chama imeharibika kabla ya siku ya malipo na hakuna nakala, katibu hana budi kurudia vitabu vya stakabadhi kimoja kimoja. Ikiwa vitabu navyo viliachwa kwa kudhaniwa kwamba kompyuta inatosha, chama kitabaki kuwaomba wanachama walete karatasi zao kutoka majumbani. Nyingine zitakuwa zimeloa, nyingine zimeliwa na panya, na za marehemu hazitajulikana zilipo. Mwenye karatasi atalipwa, na asiye nayo atabaki na neno lake tu. Ugomvi wa namna hiyo huvunja imani ya wanachama katika chama chao, na imani ikisha kuvunjika si rahisi kuirudisha.

Hivyo la kwanza kabisa ni kwamba vitabu vya stakabadhi visiachwe. Kompyuta ni msaidizi wa vitabu hivyo katika kujumlisha na kupanga. La pili ni kuhakikisha kwamba yaliyomo katika kompyuta nayo yana nakala.

NJIA AMBAZO KUMBUKUMBU HUPOTEA

Watu wengi hudhani kwamba kumbukumbu hupotea kwa wizi au moto tu. Njia ni nyingi zaidi.

Diski ya kompyuta huharibika. Diski za aina ya zamani zina sahani zinazozunguka kwa kasi kubwa, na juu yake hupita kichwa cha kusomea kisichogusa sahani. Kompyuta ikianguka au ikipigwa kwa nguvu wakati inafanya kazi, kichwa hicho huweza kuikwaruza sahani, na maandishi yakapotea. Diski za aina mpya hazina kitu kinachozunguka, kwa hiyo hustahimili mtikisiko zaidi, lakini nazo huweza kufa ghafla bila dalili yoyote.

Umeme ukikatika wakati faili linaandikwa, faili hilo huweza kuharibika lisifunguke tena. Dawa yake ni kifaa kiitwacho UPS, ambacho huipa kompyuta umeme kwa dakika chache baada ya kukatika. Dakika hizo si za kuendelea na kazi, bali ni za kuhifadhi faili na kuzima kompyuta kwa utaratibu. Kompyuta ya mkononi ina betri yake, nayo hufanya kazi hiyo hiyo maadamu betri ingali nzima. Wakati wa radi, yafaa vyombo vyote vichomolewe ukutani.

Mkono wa mtu nao huharibu, hata usipokuwa na nia mbaya. Kosa linalotokea mara nyingi ni la katibu anayefungua faili la msimu uliopita ili alitumie kama kielelezo, akafuta tarakimu za zamani, akaandika mpya, kisha akalihifadhi kwa jina lile lile. Msimu mzima umefutika, wala kompyuta haikulalamika, maana imetii ilivyoamriwa.

Mwisho kuna virusi. Mwezi Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilienea katika nchi zipatazo 150. Kilifunga mafaili ya watu kwa ufunguo wa siri, kikadai dola 300 ili yafunguliwe. Hospitali za Uingereza zililazimika kuahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa. La kujifunza ni kwamba Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa marekebisho ya kuziba tundu hilo mwezi Machi, miezi miwili kabla. Waliopuuza marekebisho hayo ndio walioumia. Kwa sababu hiyo kompyuta ya ofisi iachwe ipokee marekebisho kila yanapotolewa. Yafaa pia vyama vinavyotumia Windows 10 vijue kwamba Microsoft ilikoma kutoa marekebisho yake ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025.

KANUNI YA TATU, MBILI, MOJA

Wataalamu wa kompyuta wana kanuni moja nyepesi, ambayo hata asiye mtaalamu huweza kuishika. Kanuni yasema: kumbukumbu ziwe tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati yake ikae nje ya ofisi.

Zile tatu ni faili lenyewe lililomo katika kompyuta pamoja na nakala mbili. Vyombo viwe vya aina mbili ili ubovu wa aina moja usiziharibu zote. Na moja ikae nje kwa kuwa moto, mafuriko au mwizi akiingia ofisini hachagui kati ya kompyuta na diski iliyowekwa mezani pembeni yake.

Yafaa isisitizwe kwamba faili lililonakiliwa katika folda nyingine ya kompyuta ile ile si nakala. Kompyuta ikifa, yote mawili hufa pamoja.

Chama kidogo kisicho na fedha nyingi chaweza kuitimiza kanuni hiyo kwa diski moja ya nje na flashi mbili, kwa utaratibu ufuatao:

1. Kila jioni ya siku ya ununuzi, kabla ofisi haijafungwa, katibu anakili folda ya hesabu katika diski ya nje. Kisha aichomoe na kuiweka ndani ya kasha la chuma. Diski iliyoachwa ikiwa imechomekwa hupatwa na kirusi kile kile kilichoipata kompyuta.

2. Kila mwisho wa juma anakili folda hiyo katika flashi. Flashi ziwe mbili, zipewe alama A na B, na zitumike kwa zamu. Inapoandikwa A, B iwe nje ya ofisi kwa mweka hazina au mahali pengine palipokubaliwa na Bodi. Juma lifuatalo zibadilishane.

3. Kila nakala iwe na tarehe katika jina lake, mwaka ukitangulia, kisha mwezi, kisha siku, kwa mfano HESABU-2026-03-14. Kwa kufanya hivyo kompyuta yenyewe itazipanga kwa mfuatano wa siku. Nakala mpya isiandikwe juu ya ya zamani. Kosa likigunduliwa baada ya mwezi mmoja, nakala ya kabla ya kosa ndiyo itakayookoa.

4. Pawepo daftari dogo la nakala, lenye tarehe, chombo kilichotumika, jina la aliyenakili, jina la aliyekabidhiwa, na sahihi za wote wawili.

5. Mwisho wa msimu, mizania na orodha ya kilo za kila mwanachama zichapishwe katika karatasi, zitiwe sahihi na kuwekwa jaladani. Flashi si chombo cha kuhifadhia kumbukumbu kwa miaka mingi, kwa kuwa hutunza maandishi kwa chaji ya umeme ambayo hupungua kadiri muda unavyopita. Karatasi iliyowekwa pakavu huishi zaidi.

Vyama vyenye intaneti huweza kuweka nakala nyingine mtandaoni, na hiyo itahesabiwa kuwa nakala ya nje. Hata hivyo yafaa ijulikane kwamba huduma nyingi za namna hiyo huiga yanayotendeka katika kompyuta. Faili likifutwa ofisini, hufutwa na kule. Katika Google Drive, kwa mfano, kilichotupwa hukaa siku 30, kisha hufutika kabisa. Kwa hiyo nakala ya mtandaoni isiwe ya pekee. Vivyo hivyo kwa vyama vinavyotumia mfumo wa MUVU wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika: yaliyoingizwa katika mfumo yamo katika mfumo, lakini barua, mihtasari na hesabu za ndani zilizoandikwa katika kompyuta ya ofisi bado zataka nakala zake.

SIRI ZA WANACHAMA

Flashi ni kitu kidogo, na hupotea kwa urahisi. Ndani yake mna majina ya wanachama, namba zao za simu, akaunti zao na madeni yao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yamtaka kila anayekusanya habari za watu azilinde. Kwa hiyo mafaili ya hesabu yafungwe kwa neno la siri. Neno hilo lisiwe jina la chama wala mwaka wa kuandikishwa kwake, kwani hayo hujulikana na kila mtu.

Lakini neno la siri likijulikana na mtu mmoja tu, nalo ni hatari. Katibu akifariki, akihama au akisimamishwa kazi, hesabu za chama zitakuwa zimefungwa na ufunguo haupo. Liandikwe katika karatasi, litiwe ndani ya bahasha, bahasha ifungwe kwa lakiri na kutiwa sahihi na mwenyekiti, kisha iwekwe ndani ya kasha. Kila katibu anapobadilika, neno nalo libadilishwe.

NAKALA ISIYOJARIBIWA

Mwezi Januari 2017 mfanyakazi wa GitLab, kampuni kubwa ya mambo ya programu za kompyuta, alifuta kumbukumbu za kampuni kwa bahati mbaya, akidhani yumo katika kompyuta nyingine. Kampuni ilikuwa na njia tano za kuweka nakala. Zilipotazamwa, hakuna hata moja iliyofanya kazi ipasavyo. Kilichoiokoa ni nakala ambayo mfanyakazi alikuwa ameichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa ajili ya shughuli nyingine. Yaliyoandikwa katika saa sita hizo yalipotea.

Ikiwa mabingwa wa kazi hiyo waliweza kudanganyika, chama cha msingi hakiwezi kuridhika kwa kuona tu kwamba flashi imo ndani ya kasha. Mara moja kila mwezi nakala ipelekwe katika kompyuta nyingine na ifunguliwe. Wachaguliwe wanachama watatu bila mpango, kilo zao zisomwe kwa sauti, na mjumbe wa Bodi azilinganishe na vitabu vya stakabadhi. Zikilingana, iandikwe hivyo katika daftari la nakala. Zisipolingana, sababu itafutwe siku hiyo hiyo, kabla msimu haujasonga mbele.

WAJIBU WA BODI NA WANACHAMA

Si haki mzigo huu uachiwe katibu peke yake. Bodi ndiyo yenye kupitisha fedha za diski na flashi, na ndiyo yenye kumteua atakayeshika nakala ya nje. Gharama hiyo ni ndogo ikilinganishwa na posho na nauli za kuwarudia wanachama nyumba kwa nyumba kutafuta stakabadhi.

Mwanachama naye, hata kama hajapata kugusa kompyuta, anayo haki ya kusimama katika mkutano mkuu na kuuliza maswali matatu: Nakala ya mwisho ya hesabu ilichukuliwa lini? Iko wapi hivi sasa? Ni nani aliyeifungua kuijaribu, na tarehe gani? Chama kinachoshika utaratibu kitamjibu kwa kufungua daftari la nakala mbele ya mkutano. Jibu likiwa kwamba kompyuta ni mpya na haijapata kusumbua, wanachama waelewe kwamba nakala haipo, na waazimie katika mkutano huo huo ianze kuchukuliwa kabla ya mzigo wa kwanza wa msimu kupandishwa mizanini.