Feza inaua mikrobe, lakini ni feza gani?

Ku Kibumba watu wengi wanakunywa mayi ya mvua. Jiwe la volkano linameza kila tone, na wakati wa kiangazi mama anayetafuta bidoni ya pili anajua vizuri bei yake. Wazee hawajasahau Julai 1994, wakimbizi walipotoka Rwanda: kipindupindu, kisha kuhara damu, na karibu watu 50 000 wakafa katika makambi ya upande wa Goma kwa mwezi mmoja. Kambi ya Kibumba ilikuwa inaletewa mayi na malori.

Sasa watu wanauliza: tukitia pete ya feza ndani ya bidoni, haitoshi?

Ndugu msomaji, feza hapa si makuta ya mfukoni. Ni madini yenyewe, ile nyeupe ya pete na mikufu, ile ambayo mara nyingi imechanganyika kidogo na dhahabu ya wachimbaji wetu. Kwamba inaua mikrobe, ni kweli. Lakini kinachoua si kipande kinachong'aa. Ni chembe ndogo sana zinazotoka ndani yake na kuyeyuka mu mayi. Wanakemia wanaziita ioni. Zinashikamana na protini za mikrobe, zinaharibu ngozi yake, nayo inashindwa kuzaa. Njo maana tuulize feza inaachilia ioni ngapi, na kwa muda gani.

Pete inaachilia kidogo mno. Mtoto mwenye kiu hawezi kuingojea.

Nitrati ya feza ni kinyume: ioni ziko tayari, inaua haraka. Daktari Credé wa Leipzig aliitumia miaka ya 1880 kwa macho ya watoto wachanga, na wengi wakaokoka upofu. Lakini inachoma ngozi, na chumvi iliyo mu mayi au jasho inaishika ikageuka unga mweupe usio na nguvu nyingi.

Katikati iko koloidi, vumbi laini la feza linaloelea mu mayi. Kadiri punje zilivyo ndogo, ndivyo zinavyoachilia ioni nyingi, polepole. Wengine wanaiuza mu chupa kama dawa ya kila ugonjwa. Usinywe. Marekani ilisema wazi mwaka 1999 kwamba dawa hizo hazijulikani kuwa salama wala kuponya, na mwenye kuzizoea anaweza kugeuka rangi ya majivu ya buluu ambayo haitoki tena.

Fasi yake nzuri ni ndani ya chungu. Mwaka 1981, Fernando Mazariegos wa Guatemala alitengeneza chungu cha udongo uliochanganywa na kitu kinachoungua motoni na kuacha vitundu vidogo sana, kisha akakipaka koloidi ya feza. Uganda, jirani zetu, wanatengeneza cha aina hiyo kwa jina la Purifaaya. Kazi kubwa inafanywa na vile vitundu, ambavyo vinazuia mikrobe kupita. Feza inasaidia kuua zilizobaki na kuzuia zisizaane ndani ya udongo. Kinatoa litre 1 mpaka 3 kwa saa. Virusi, vidogo zaidi, vinaweza kupita.

Na klore? Kwa bidoni yetu, klore njo ya kwanza. Ndani ya dakika 30 imemaliza kazi mu mayi safi, wakati feza inadai masaa. Tena klore inabaki kulinda mayi hata mtoto akichovya kikombe kichafu. OMS, ilipochunguza jambo hili mwaka 2018, haikukubali feza iwe dawa kuu ya kusafisha mayi ya kunywa.

Mwenye chungu na klore, achuje kwanza, klore itiwe baadaye ndani ya bidoni. Ikipitia chunguni, inaondoa feza iliyopakwa.

Kwa wanaokwenda Rubaya kuchimba koltani, mayi ya shimoni ina matope, na matope yanakula klore na feza sawasawa. Iache itulie, ichuje na kitambaa kizito, kisha tia kidonge cha klore ukifuata kipimo kilichoandikwa. Chungu kiache nyumbani: piki ikianguka mara moja, umebaki na vigae.