Kipimo cha kirusi na kipimo cha seli: jibu kwa ndugu wa Murungu



Ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa Pemba anayesomesha Murungu, wilaya ya Kibondo mkoani Kigoma, ametuletea swali refu. Mkewe alikwenda Dar es Salaam kwa dada yake, akapimwa mlango wa kizazi kwa kipimo cha virusi vya HPV, akaambiwa kirusi kipo. Aliporudi Kibondo, muuguzi akampima kwa siki, akasema haoni kitu. Mama mkwe naye aliwahi kufanya papsmia zamani akaambiwa yuko salama, basi anasema kipimo cha kirusi ni uongo. Ndugu yetu anauliza lipi la kuaminiwa. Mwisho kabisa wa barua, kwa maneno machache, anauliza kama kirusi kile ni dalili kuwa mkewe amezini.

Nitaanza na hilo la mwisho, maana ndilo linalovunja nyumba.

Jibu ni hapana. HPV huambukizwa kwa kugusana kwa ngozi katika tendo la ndoa, na watu wengi sana waliowahi kuoa au kuolewa hukipata wakati fulani wa maisha yao. Aghlabu mwili hukiondoa wenyewe ndani ya miaka miwili. Kwa wengine hujificha miaka mingi kisha huonekana tena. Kipimo hakisemi kiliingia lini wala kwa nani. Huenda kilitoka katika ndoa yake ya kwanza, huenda kilitoka kwako wewe mume, nawe hujui kwa sababu mwanamme hukibeba bila dalili na hakuna kipimo cha kawaida cha kumpima. Mwenye kumtuhumu mkewe zinaa kwa karatasi ya maabara asome tena Surat Nnuur, aya ya 4 na zinazofuata, aone Sharia imetaka nini kwa mwenye kutuhumu. Karatasi si shahidi. Nimekaa katika suluhu zaidi ya moja ambapo talaka ilishatamkwa kabla ya kumuuliza daktari.

Sasa vipimo. Papsmia imepewa jina la Dk. George Papanicolaou, na kitabu chake kuhusu kipimo hiki kilitoka mwaka 1943. Seli hukwanguliwa mlangoni mwa kizazi, hupakwa kwenye kioo, hutiwa rangi, na mtaalamu huzitazama kwa hadubini akitafuta zilizoanza kuharibika. Nchi tajiri zimeokoa wanawake wengi kwa njia hii, lakini kwa kurudia kila baada ya miaka mitatu hivi, kwa sababu kipimo kimoja peke yake huweza kukosa robo mpaka nusu ya wenye mabadiliko mabaya. Tena kinataka jicho la mtu aliyesomea, na watu hao ni wachache, wengi wao wapo hospitali kubwa. Kwa hiyo mama mkwe hakudanganywa, lakini jibu la zamani si dhamana ya leo.

Kipimo cha kirusi hakitafuti uharibifu, hutafuta chanzo chake. Mwanasayansi Harald zur Hausen alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kuonesha kuwa HPV ndiyo inayosababisha saratani hii. Mashine hukamata zaidi ya tisa katika kila kumi ya wenye mabadiliko mabaya. Huko Osmanabad, India, wanawake zaidi ya 130,000 waligawiwa makundi: kirusi, seli, siki, na wasiopimwa. Matokeo yalitolewa mwaka 2009. Baada ya miaka minane, waliopimwa kirusi mara moja tu walikufa kwa saratani hii kwa karibu nusu ukilinganisha na wasiopimwa. Kwa makundi ya seli na siki haikuonekana tofauti ya kutegemewa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza kipimo cha kirusi kiwe cha kwanza, kuanzia miaka 30, kila baada ya miaka mitano hadi kumi; mwenye VVU aanze miaka 25 na arudie mapema zaidi.

Udhaifu wake ni huu: kinawakamata pia wengi ambao kirusi kingeondoka chenyewe. Ndiyo maana baada ya jibu la “kipo” huangaliwa mlango wenyewe, kwa siki au kwa njia nyingine. Mke wa ndugu yetu hakupewa majibu mawili yanayopingana. Kirusi kipo, na doa halijaonekana. Saratani huchukua miaka 15 hadi 20 kujijenga kwa mwenye kinga nzuri. Doa likionekana mapema hugandishwa kwa baridi au kuunguzwa kwa joto, na mara nyingi mama hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Lakini lazima arudi kupimwa, na hapa ndipo ninapoogopa. Katika utafiti mmoja uliofanywa Dar es Salaam na Kilimanjaro, wanawake 705 waliokutwa na kirusi walifuatiliwa. Nusu yao walitumiwa ujumbe wa simu kuwakumbusha. Walioitikia ni kama robo tu, waliotumiwa ujumbe na wasiotumiwa sawasawa. Nchi yetu hupata wagonjwa wapya wapatao 10,000 kila mwaka. Kutoka Kibondo mpaka Bugando au Ocean Road si safari ya kwenda ukiwa umeshachelewa. Mume atoe nauli, na akae na watoto.

Kuhusu sitara, kipimo cha kirusi kina wepesi mkubwa: mama anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti cha pamba, faraghani, bila kuonwa na mtu. Kipimo cha siki na papsmia lazima aangaliwe. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Brunei mwaka 1993, iliweka mpangilio: tabibu mwanamke Muislamu, akikosekana mwanamke mwaminifu asiyekuwa Muislamu, kisha mwanamme Muislamu, kisha mwanamme asiyekuwa Muislamu, kwa kufunuliwa kiasi cha haja tu na pasiwe na faragha ya wawili. Kukosekana mwanamke si sababu ya kuacha tiba.

Basi ndugu yangu, mwombe mkeo radhi kama ulishamwambia neno, na mpange pamoja tarehe aliyopewa ya kurudi.

Wallaahu a'lam.