UDEREVA WA MALORI MAKUBWA: MAMBO YA KUPIMA KABLA YA KUTOA MKOPO

Kila msimu wa kahawa unapomalizika na malipo kugawanywa, makatibu wa vyama vya akiba na mikopo vilivyo kandokando ya barabara kuu ya kwenda Tunduma hupokea maombi ya namna moja. Mwanachama anaomba mkopo, si wa mbolea wala wa bati, bali wa kumlipia mwanawe mafunzo ya kuendesha malori makubwa. Si ajabu. Kijana wa Mlowo au Vwawa amekua akiyaona magari hayo yakipita usiku na mchana, na mara moja moja amemwona dereva akishuka, akila nyama na kulipa kwa noti nyekundu bila kungoja chenji. Kamati ya mikopo hubaki na swali ambalo fomu haina nafasi ya kulijibu: je, kazi yenyewe itamlipa kijana kiasi cha kurejesha deni, au ni kahawa ya baba ndiyo itakayolirejesha?

Biashara hii si ya jana. Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia ya Kusini walipojitangazia uhuru wao, Zambia ilijikuta imefungiwa mlango wake wa kusini. Mafuta ya petroli yalilazimika kupita Dar es Salaam na shaba kurudi kwa njia hiyo hiyo, juu ya barabara ambayo sehemu kubwa yake ilikuwa ya udongo. Mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya uchukuzi ya Zambia na Tanzania, na malori yaliyotumbukia makorongoni yakawa mengi hata barabara ile ikapewa kwa Kiingereza jina lenye maana ya mbio za jehanamu. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, ilijengwa kuanzia mwaka 1970 hadi 1975, na wengi walidhani kwamba lori limepata mrithi. Haikuwa hivyo. Uwezo wa reli ulipungua mwaka hadi mwaka, na sehemu kubwa ya shaba ya Zambia na ya Kongo inayopita bandari ya Dar es Salaam imekuwa ikija kwa matairi.

Faida ya kwanza ya kazi hii ni fedha, na haina haja ya kufichwa. Mkulima wa kahawa hupata fedha mara moja au mbili kwa mwaka, kwa bei ambayo hakuipanga yeye. Dereva aliyeajiriwa na kampuni ya uchukuzi hupata mshahara kila mwezi na juu yake posho ya safari. Fedha hiyo hufika nyumbani kwa simu ya mkononi hata katika miezi ya Januari na Februari, wakati kaya nyingi za wakulima hazina senti na mbolea inahitajika. Wapo wanachama ambao mashamba yao yamenusurika kwa sababu hiyo tu: mtoto yuko barabarani, na mikahawa ya baba inapata mbolea kwa wakati wake. Tena dereva mzuri hujifunza mambo ambayo hayafundishwi darasani, kama vile taratibu za forodha, kusoma hati za mzigo, na kuifahamu mashine kwa sauti yake.

Lakini posho ya safari ndiyo mahali ambapo vijana wengi hukosea hesabu. Posho hutolewa kwa safari, si kwa siku, na ndani yake dereva anapaswa kula, kuoga, kulipia maegesho na kumtazama utingo wake ikiwa yupo. Uchukuliwe mfano wa hesabu tu, usio wa kampuni yoyote. Dereva amepewa shilingi 900,000 kwa safari ya Lubumbashi kwenda na kurudi, naye anatumia shilingi 20,000 kila siku. Safari ikichukua siku 20, matumizi yake ni shilingi 400,000 na baki ni 500,000. Gari lile lile likikwama katika foleni ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, hata safari ikafika siku 40, matumizi yanakuwa shilingi 800,000 na baki ni 100,000. Si hivyo tu. Ndani ya siku zile 40 alitazamia kufanya safari mbili, naye amefanya moja. Kwa hiyo anayetaka kujua kipato cha dereva asiulize posho ya safari ni kiasi gani, bali aulize mwaka uliopita gari lilikwenda safari ngapi.

Foleni hizo zina sababu zake. Pale Tunduma na Nakonde, kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa Oktoba 2019 ili gari likaguliwe mara moja badala ya mara mbili, na nafuu ilipatikana. Hata hivyo karatasi moja ya mzigo ikiwa na kasoro, au mtandao wa forodha ukizima, magari hujipanga kilomita kwa kilomita. Dereva hawezi kuliacha gari akaenda zake, kwa kuwa lakiri ya mzigo, turubai, betri na mafuta yaliyomo tangini vyote viko juu ya kichwa chake. Analala mumo humo. Siku hizo za kulinda gari hazionekani kuwa kazi machoni pa baadhi ya waajiri, na hapo ndipo mkataba unapohitajika.

Mwaka 2015, mwezi Aprili na tena mwezi Mei, madereva waligoma nchini Tanzania. Dai moja lilihusu kurudishwa darasani kila leseni inapohuishwa. La pili, na ndilo zito zaidi, lilikuwa kukosa mikataba ya ajira. Ilikuwa hali ya kustaajabisha kidogo, kwani sheria ilikuwapo tangu miaka kumi na moja iliyotangulia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi. Saa za kawaida ni 45 kwa juma na zisizidi 9 kwa siku. Za ziada hulipwa mara moja na nusu. Kazi ya usiku, yaani baina ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Na likizo ya mwaka ni siku 28. Ni dereva gani wa masafa marefu aliyewahi kuzihesabu saa zake kwa kipimo hicho? Wengi hawajui kama kipimo kipo.

Kipengele kinachomgusa dereva kuliko vyote ni cha makato. Mafuta yakipungua, tairi likipasuka, mfuko wa saruji ukilowa, makampuni mengine hukata mshahara mzima bila maelezo, na mwisho wa mwezi dereva huondoka mikono mitupu. Sheria hairuhusu jambo hilo. Ili mwajiri akate fedha ya hasara, ni lazima hasara hiyo iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Mwajiri aeleze kwa maandishi chanzo chake, kiasi chake na jinsi kilivyokokotolewa, kisha ampe mfanyakazi nafasi ya kupinga. Tena jumla ya makato isizidi robo moja ya malipo yake ya fedha. Yafaa kila chama kiwe na nakala ya kifungu hicho, cha 28, ofisini. Kadhalika kijana afahamishwe kwamba mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hulipwa na mwajiri peke yake. Kampuni inayomkata dereva kwa jina la mfuko huo inamwibia. Mchango wa NSSF ni wa pande mbili, na kila mwanachama wa mfuko anaweza kudai taarifa ya akaunti yake. Asingoje ajali ndipo aulize.

Kwa upande huu kampuni kubwa ina ubora kuliko mtu mwenye lori moja. Mwenye lori moja, ambaye naye anadaiwa na benki, hana gari la akiba. Chombo kikiingia gereji, dereva huingia njaa. Kampuni yenye magari mengi ina mafundi wake, ina mtambo wa kufuatilia gari kwa setilaiti, na ina ofisi ambayo mtu anaweza kuishitaki. Mtambo huo madereva hawaupendi, kwa kuwa hueleza kila kituo na kila mwendo, lakini huohuo ndio humtetea dereva asiye na kosa anaposingiziwa kwamba aliuza mafuta njiani.

Hatari za barabara zinajulikana, ila zipo ambazo kijana hazijui mpaka zimfike. Mteremko wa Kitonga mkoani Iringa humtaka dereva ashuke kwa gia nzito na kuacha breki zipumzike. Anayeshuka kwa breki peke yake huzichoma, na akifika chini hana cha kumsimamisha. Katika Hifadhi ya Mikumi mwendo hauruhusiwi kuzidi kilomita 50 kwa saa, na anayemgonga mnyama hutozwa faini. Gari zito kwa jumla halipaswi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Kisha ziko mizani: Vigwaza, Mikese, Wenda, Makambako, Mpemba. Chini ya sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutekelezwa nchini Machi 2019, gari lenye ekseli saba lisizidi tani 56 pamoja na uzito wake. Mara nyingi dereva hakupakia yeye. Alikabidhiwa gari likiwa limefungwa, na mzigo ukiwa umeegemea ekseli moja ni yeye anayezuiliwa mizani mpaka upangwe upya. Dereva mwenye busara haondoki kabla ya kuona karatasi ya uzito, naye ana haki ya kuidai.

Ajali ikitokea nje ya nchi, wa kwanza kushikwa ni dereva. Kampuni ikichelewa kumtuma mtu, yeye atakaa mahabusu katika mji ambao hana ndugu. Iko pia tamaa ya abiria wa njiani, wanaochukuliwa kwa siri nyuma ya tela. Juni 2012 miili ya wahamiaji zaidi ya 40 kutoka Ethiopia ilikutwa mkoani Dodoma; walikuwa wamekosa hewa ndani ya lori. Hakuna posho inayolingana na jambo la namna hiyo.

Kuhusu afya, kukaa kwenye kiti saa nyingi huumiza mgongo, na usingizi wa vipande vipande husababisha ajali. Ukimwi nao ulisafiri kwa barabara hizi miaka ya 1980 na 1990, na miji ya maegesho haijaacha kuwa ilivyo. Hilo linamhusu dereva, na zaidi linamhusu mke aliyebaki kijijini.

Huyo mke ndiye asiyetajwa kamwe katika maombi ya mkopo. Kijana anapoondoka, mikono miwili imetoka shambani. Kupogoa, kupalilia na kuchuma kunamwangukia yeye pamoja na wazazi wa mume, ambao wamekwisha zeeka. Kahawa iliyochumwa kwa kuchelewa hushuka daraja, na chama kizima huhisi. Ikiwa fedha ya barabarani inarudi na kuajiri vibarua, nyumba hiyo imefaidika. Ikiwa inaishia kwenye nyumba za maegesho, shamba limepoteza mtu na halikupata kitu.

Sasa, mkopo. Leseni ya daraja E si ajira. Makampuni hutaka dereva mwenye uzoefu, na kijana aliyetoka chuoni, hata kiwe Chuo cha Taifa cha Usafirishaji au VETA, aghalabu huanza kwa utingo au kwa kuendesha gari dogo la mizigo kabla ya kukabidhiwa kichwa na tela. Kamati ikipanga marejesho yaanze mwezi wa tatu baada ya mafunzo, imepanga yalipwe kwa kahawa ya mdhamini. Mwombaji anayestahili kutangulizwa ni yule aliyekwisha fanya kazi ya utingo kwa miaka kadhaa, mwenye barua ya mwajiri inayosema atapewa gari gani na kwa mshahara gani. Asiye na barua asinyimwe moja kwa moja. Apewe kiasi kidogo, cha leseni ya gari dogo, na arudi baadaye akiwa na uthibitisho.

Marejesho yakatwe kwenye mshahara, wala yasitegemee posho, kwa sababu ambazo hesabu ya Kasumbalesa imekwisha kuzionesha. Mke wa kijana aitwe mbele ya kamati na kuulizwa kama anaujua mkopo huo na nani atachuma kahawa. Reli nayo isisahauliwe: Septemba 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia saini mjini Beijing makubaliano ya kuifufua TAZARA, na mzigo wa shaba ukirudi relini, safari za masafa marefu zitapungua. Kwa sababu hiyo mkopo wa namna hii usizidi miaka miwili, na fomu yake iambatanishwe na nakala ya mkataba wa ajira yenye sahihi za pande zote mbili, pamoja na namba ya simu ya ofisi ya kampuni, si ya dereva peke yake.