PRODYUZA, CHAGUA SKRIPTI UTAKAYOONDOKA NAYO!

Wiki hii mapenzi na mavazi tuyaweke kando kidogo, twende studio.

Kaa na vijana wanaotengeneza biti mjini, iwe Temeke, Manzese au Kijitonyama, utasikia kilio kilekile: ngoma zinafanana! Dramu zilezile, makofi yaleyale, mwangwi uleule. Si ajabu. Wote wanachota kwenye sampuli zilezile zinazozunguka kwa flashi, na wote wana plagini zilezile. Msikilizaji naye si mjinga. Akishasikia sauti moja kwenye nyimbo kumi, ya kumi na moja anairuka.

Wajanja wamegundua njia ya kutoka hapo, nayo ni plagini za skripti. Usiogope jina. Plagini ya kawaida ni kama shati la dukani: limeshakatwa, limeshashonwa, wewe unachagua rangi tu. Plagini ya skripti ni cherehani. Shati unashona mwenyewe. Unaandika maagizo machache (wenyewe wanaita kodi, si ile ya mwenye nyumba), na kompyuta inafanya ulichoagiza.

Tatizo ni kwamba cherehani ziko nyingi. Ukichagua kwa kufuata mkumbo utapoteza miezi. Mimi nina maswali manne ya kujiuliza kwanza.

NOTI AU SAUTI?

Unataka kuchezea noti au sauti? Noti ni maagizo: piga hiki, kwa nguvu hii, wakati huu. Sauti ni mawimbi yenyewe yanayotoka kwenye spika.

Chukua ngoma zetu. Mpiga mdundiko hapigi kama saa ya ukutani. Pigo moja hutangulia kidogo, jingine huchelewa, na utamu uko hapohapo. Kompyuta yenyewe hupanga kila pigo kwenye mstari, kama wanajeshi. Skripti fupi ya noti inaweza kulishika kila pigo la tatu, ikalichelewesha milisekunde 15 na kulipunguza nguvu. Ghafla mashine inaanza kupumua!

Kwa kazi hiyo, wenye Logic Pro wana Scripter, iliyokuja mwaka 2013 na inayotumia lugha ya JavaScript. Wenye FL Studio, ambao hapa mjini ndio wengi, tangu 2023 wanaweza kuandika skripti za Python za kupanga noti. Lakini hizo hazigusi sauti yenyewe. Ukitaka kutengeneza mwangwi, mkwaruzo au besi ya ajabu, unahitaji cherehani ya sauti.

Mfano ni singeli, inayokimbia mapigo 200 hadi 300 kwa dakika. Mwangwi uliopendeza kwenye wimbo wa mapigo 90 ukiuleta huku unakuwa makelele. Hesabu yake ni rahisi: gawa 60,000 kwa mapigo ya wimbo, unapata milisekunde za pigo moja. Kwa mapigo 90 ni kama 667. Kwa mapigo 240 ni 250 tu. Plagini nyingi za dukani nazo zinajua kufuata mwendo, sibishi. Ila haziwezi kufanya jambo ambalo aliyezitengeneza hakulifikiria. Ukitaka mwangwi unaolia kwenye pigo la mwisho la mzunguko wa nne tu, kisha unanyamaza, hapo inabidi ushone mwenyewe.

UNAPENDA KUANDIKA AU KUCHORA?

Kuna watu wakiona maandishi kwenye skrini wanasinzia. Hao wana plugdata. Hapo huandiki sana, unachora: unaweka visanduku na kuviunganisha kwa nyaya, kama fundi redio. Imetokana na Pure Data ya Miller Puckette, bwana aliyetengeneza pia Max miaka ya 1980 pale IRCAM, Paris. Jina Max lilikuwa heshima kwa Max Mathews, ambaye programu yake mwaka 1957 iliifanya kompyuta ya IBM kule Marekani ipige wimbo wa sekunde 17. Tangu 2009 Max inaingia ndani ya Ableton Live kwa jina la Max for Live.

Wanaopenda kuandika wana JSFX, inayokuja na programu ya REAPER. Mwanzilishi wake ni Justin Frankel, yuleyule wa Winamp, ambayo kaka zetu waliipenda sana. Ebu tazama skripti nzima ya kupandisha na kushusha sauti:

desc:Sauti yangu
slider1:1<0,2,0.01>Kiasi
@sample
spl0 = spl0 * slider1;
spl1 = spl1 * slider1;

Mistari mitano, basi! Wa kwanza ni jina. Wa pili ni kitufe cha kuvuta. Wa tatu unasema, fanya yafuatayo kwa kila punje ya sauti, na punje hizo ni 44,100 kwa sekunde kwa kipimo cha CD. Miwili ya mwisho ni spika ya kushoto na ya kulia. Ukibadilisha namba na kuhifadhi, unasikia tofauti papo hapo.

Halafu kuna Plug'n Script ya Blue Cat Audio. Hiyo inatumia AngelScript au C++, na uhondo wake ni kwamba ukimaliza unaweza kuitoa kazi yako kama plagini kamili, ukampa mtu mwingine.

MFUKO UNASEMAJE?

plugdata ni bure. REAPER unaijaribu siku 60, kisha leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Iko pia ysfx, nayo ya bure, inayoendesha skripti za JSFX ndani ya programu nyingine zinazopokea plagini za VST3. Plug'n Script na Max for Live ni za kulipia. Scripter inataka kompyuta ya Mac, kwa hiyo kama unayo ya Windows usijisumbue.

Za kuchakachua usiniulize. Siku mashine ikipigwa formati, zikagoma kurudi, wimbo unabaki yatima.

KESHO ITAFUNGUKA?

Hili ndilo swali kubwa, na ndilo linalosahauliwa. Prodyuza chipukizi wengi hawana kompyuta yao. Wanafanya kazi kwenye mashine ya mwenye studio. Siku mkikorofishana, au umeme ukiiunguza ile mashine, unaondoka mikono mitupu. Miaka mitatu ya kutafuta sauti yako, kwisha!

Ndiyo maana nasema angalia kazi yako inahifadhiwa wapi na kwa namna gani. Skripti ya JSFX ni faili la maandishi matupu, ukubwa wake kilobaiti chache. Inafunguka kwa Notepad. Unaweza kujitumia kwa WhatsApp kabla hujatoka mlangoni. Faili la plugdata nalo ni maandishi na ni jepesi vilevile. Kitu kilichofungiwa ndani ya programu moja ya kulipia hakikufuati unapohama. Hata toleo la majaribio la FL Studio linakubali kuhifadhi wimbo, ila kuufungua tena mpaka ununue.

Tahadhari moja: kabla ya kujaribu skripti mpya shusha sauti na uvue hedifoni. Ukikosea namba moja, inaweza kupiga yowe la kutoboa masikio. Weka plagini ya kudhibiti sauti mwishoni ndipo uendelee.

MSIMAMO WANGU

Kama una FL Studio na shida yako ni ngoma zisizopumua, anza na skripti za noti ulizonazo tayari, hazikugharimu kitu. Kama unataka sauti yako mwenyewe na mfuko umetoboka, chukua JSFX kama unapenda kuandika, plugdata kama unapenda kuchora. Plug'n Script na Max for Live subiri mpaka biti zianze kukulipa. REAPER inakuja na skripti nyingi za JSFX zilizo wazi: fungua moja, isome, badilisha namba, sikiliza. Hiyo ni shule isiyo na ada.

Studio si yako, sawa. Kompyuta si yako, sawa. Sauti iwe yako, na uweze kuondoka nayo mfukoni.

Kazi kwenu. Tukutane wiki ijayo!