Kuvunjika nyonga si hukumu ya kifo kwa wazee wetu

Mzee akianguka na kuvunjika nyonga huku kwetu Sori, aghalabu watu hawaulizi atatibiwa wapi. Huuliza ana umri gani. Wakiambiwa kwamba amepita miaka 75 au 80, hutikisa vichwa na kunena kwamba siku zake zimewadia. Jamaa huanza kuwapigia simu wana walioko Nairobi na Mombasa ili warudi nyumbani, na mara nyingi hawaitwi kuja kuchanga fedha za matibabu. Huitwa kuja kumuaga. Nimeyashuhudia haya mara nyingi katika miaka niliyofundisha pande hizi za Karungu, na leo ningependa kuyapinga kwa hoja.

Kwanza, ndugu msomaji, tuelewane kuhusu jeraha lenyewe. Kichwa cha fupa la paja huingia katika kikombe kilichomo ndani ya mfupa wa kiuno. Chini ya kichwa hicho pana shingo nyembamba, na hapo, au chini kidogo ya hapo, ndipo mfupa wa mzee hukatika. Uzeeni mifupa hupungukiwa na nguvu, hasa kwa akina mama baada ya kukoma hedhi, hata kuteleza tu uani kwaweza kuivunja. Mara nyingi mguu huonekana mfupi kuliko mwenzake na wayo huelekea nje, na mgonjwa hawezi kusimama.

Mfupa huo si lazima umuue mtu. Kinachomwua zaidi ni kulala. Mzee alazwaye chali kwa majuma kadhaa hushikwa na nimonia, hutoka vidonda mgongoni na matakoni, njia yake ya mkojo huambukizwa, na damu yaweza kuganda miguuni kisha ikapanda hadi mapafuni. Ndiyo maana hata katika nchi tajiri, baina ya robo na thuluthi ya wazee wanaovunjika nyonga hufariki kabla ya mwaka kwisha. Lakini maana yake ni kwamba walio wengi huishi. Swali ni je, wataishi wakitembea ama wakitambaa?

Waalimu wenzangu na wanafunzi wajua kwamba swali la namna hii halijibiwi kwa kukisia. Madaktari huwagawa wagonjwa katika makundi mawili kwa bahati nasibu, kama vile kurusha sarafu. Kundi moja hupewa tiba hii na jingine tiba ile, halafu matokeo hulinganishwa. Kwa kuwa bahati ndiyo iliyogawa, hakuna awezaye kudai kwamba wenye afya njema walipendelewa.

Jaribio linalotuhusu zaidi ni la zamani kidogo. Mwaka 1989 jarida la Uingereza la upasuaji wa mifupa lilichapisha matokeo ya wagonjwa wazee 106 waliovunjika chini ya shingo ya fupa la paja. Baadhi walipasuliwa na kutiwa chuma. Wengine walilazwa mguu ukivutwa kwa uzani. Waliopasuliwa walikaa hospitalini muda mfupi zaidi, na mifupa yao ikaunga vyema zaidi. Baada ya miezi 6, waliovutwa mguu ndio waliokuwa wamepoteza zaidi uwezo wa kujitegemea.

Tangu hapo wenzetu wamesonga mbele. Mwaka 2019 yalitolewa matokeo ya wagonjwa 1,495 katika nchi 10, waliobadilishiwa ama nyonga nzima ama kichwa tu cha fupa la paja; idadi ya waliohitaji kupasuliwa tena katika miaka 2 haikutofautiana sana. Mwaka 2021 jaribio jingine la wagonjwa 1,600 lilionyesha kwamba kutiwa ganzi ya uti wa mgongo hakukuwa bora kuliko kulazwa usingizi kabisa: takriban 18 kati ya kila 100 katika kila kundi walikuwa wamekufa ama hawawezi kutembea baada ya siku 60. Mapema zaidi, mwaka 2015, watafiti wa Trondheim nchini Norway walionyesha kwamba wagonjwa waliotunzwa katika wodi ya madaktari wa wazee walitembea vyema zaidi baada ya miezi 4 kuliko waliotunzwa katika wodi ya kawaida ya mifupa.

Kisha kuna jaribio la mwaka 2020, lililowahusu wagonjwa 2,970 katika hospitali 69 za nchi 17. Kundi moja lilipasuliwa kwa wastani wa saa 6 baada ya jeraha kuthibitishwa, na jingine kwa wastani wa saa 24. Vifo katika siku 90 vilikuwa karibu sawa, asilimia 9 na asilimia 10. Hata hivyo, waliowahiwa walisimama mapema, hawakuchanganyikiwa akili sana, na waliruhusiwa kwenda nyumbani upesi.

Nisomapo habari hiyo nikiwa Sori, hutamani kucheka na kulia kwa pamoja. Wenzetu wanabishana kuhusu saa 6 na saa 24. Huku kwetu saa 24 zaweza kwisha kabla mzee hajatolewa kitandani pake. Hukandwa kwa maji moto, huitwa mganga wa kuunga mifupa, hukodiwa pikipiki isiyofaa kabisa kumbeba mtu wa hali hiyo. Akitoka kijiji cha ng'ambo ya ghuba, huanza kwa mtumbwi. Hospitali ya misheni ya St. Camillus iko hapa Karungu, lakini jeraha linalohitaji daktari bingwa wa mifupa laweza kumpeleka mgonjwa hadi Migori, Homa Bay ama Kisumu.

Namkumbuka ajuza mmoja aliyekuwa jirani yangu, mwuza omena aliyewasomesha wajukuu kwa mapato ya sokoni. Alianguka akiteka maji. Katika hospitali moja, ambayo sitaitaja, alilazwa mguu ukivutwa kwa uzani, huku jamaa wakiambiwa wanunue chuma cha kumtia. Majuma yalipita. Hakuna aliyewaeleza wanawe kwamba kila siku ya kulala ilikuwa ikimpunguzia uhai. Walidhani anangojea, kumbe anazama. Alirudishwa nyumbani na vidonda mgongoni, na hakumaliza mwezi wa tatu. Kwenye matanga yake palikuwa na mahema, vipaza sauti na fahali wawili.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Tunasema fedha hazipo, nami sikatai kwamba umaskini upo na ni mzito. Lakini fedha za jeneza hupatikana kwa siku mbili, na za chuma cha nyonga hukosekana kwa majuma manane. Laiti tungalimchangia mzee akiwa hai nusu ya kile tunachomchangia akiwa maiti, wengi wangalikuwa wakitembea. Serikali nayo haiwezi kujitoa lawamani. Ibara ya 57 ya Katiba ya mwaka 2010 inawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa jamaa zao na kwa Serikali pia. Mamlaka ya Afya ya Jamii iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024 itapimwa kwa mambo kama haya: je, ajuza wa Sori atapasuliwa katika juma lile lile aliloanguka?

Wapo watakaosema kwamba maradhi haya ni ya Wazungu. Ni kweli kwamba mwaka 1968 daktari Louis Solomon aliandika kuwa Waafrika wa Johannesburg walivunjika nyonga kwa uchache sana wakilinganishwa na watu wa Ulaya. Lakini Waafrika wa leo wanaishi zaidi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi. Kadiri idadi hiyo inavyokua, ndivyo nyonga zitakavyozidi kuvunjika.

Wengine watauliza iwapo kila mzee lazima apasuliwe. La, si kila mmoja. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kwa wazee dhaifu mno waliokuwa wakiishi katika makao ya kutunziwa, wale waliochagua pamoja na jamaa zao kutopasuliwa hawakuwa na maisha mabaya zaidi ya waliopasuliwa. Walakini walielezwa, wakachagua, na wakatulizwa maumivu. Kumwacha mzee agumie gizani bila dawa, halafu tukaita hayo mapenzi ya Mungu, si kuchagua.

Nini basi kifanyike? Hospitali zetu za kaunti zianze kuweka daftari la nyonga: mzee alianguka lini, alifika lini, alipasuliwa lini, na je, anatembea baada ya miezi 4? Uingereza imekuwa na daftari la namna hiyo tangu mwaka 2007. Lisipoandikwa, hakuna waziri wa afya wa kaunti atakayejua ukubwa wa janga hili, wala mtafiti hatakuwa na pa kuanzia. Majaribio ya wenzetu hayajajibu swali letu, ambalo ni tiba gani inayomfaa zaidi mtu aliyefika siku ya tano. Swali hilo halina budi kuulizwa huku kwetu.

Nanyi wanafunzi, mliokulia mikononi mwa nyanya zenu, msingoje waziri. Mzee akianguka asiweze kuinuka, msimkande wala kumvuta mguu. Mlazeni juu ya ubao ama mlango, mto katikati ya miguu, mkamfikishe hospitali siku iyo hiyo. Kabla hajaanguka, ondoeni mawe njiani kuelekea chooni, mtieni taa usiku, mpelekeni akatolewe mtoto wa jicho, na omena asikose sahanini, kwani huliwa na mifupa yake na huimarisha ya mlaji.

Mkifika hospitali, muulizeni daktari bila woga: atapasuliwa lini, na asipopasuliwa, ni kwa sababu gani? Mzee aliyewafunza kutembea anastahili kuulizwa maswali hayo kwa niaba yake.